Besi ya sinte mara nene, mara nyembamba: anza na faili, si na bafle

Kaka, umesema besi ya sinte yako (programu inayotengeneza sauti) ya kwenye ordinatere, kwa noti ileile, mara inatoka nene mara nyembamba, na kuranti ikikatika huko mtaani Katindo inaanza kukwaruza. Hayo ni magonjwa mawili, usiyape dawa moja.

Yatenganishe kwanza. Andika noti chache za MIDI (amri za noti, si sauti), toa WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ndani ya programu yenyewe, kisha toa ya pili bila kugusa kitu. Zipange kwenye traki mbili zianze pamoja kabisa, geuza fezi ya moja (wimbi lipinduliwe juu chini, ili vinavyofanana vifutane), zipige kwa pamoja. Pakiwa kimya, huenda sinte ni nzima, kosa liko kwenye mashine. Kukibaki sauti, sikiliza inabaki wapi.

Ikibaki kwenye kila noti, hizo ni osileta (vizalisha mawimbi vya sinte) zinazozunguka huru, bila kuanza upya kwa kila noti. Chukua La ya 55 Hz, osileta mbili zikiachana senti 6 (senti 100 ni nusu toni): tofauti yao ni kama 0.19 Hz, kwa hiyo wimbi la kunenepa na kukonda linachukua sekunde 5 na kitu. Noti yako ya nusu sekunde inadaka kipande kimoja tu cha mzunguko huo, na kikiwa kile ambacho osileta zinafutana, besi imekwisha. Washa Retrig (wimbi lianze upya kwa kila noti), weka fezi zote mbili, yaani mahali wimbi linapoanzia, kwenye 0. LFO (wimbi la polepole linalotikisa sauti) pia, kama inasukuma filta. Ila sauti ndefu za aina ya nyuzi ziache huru. Ukizifunga zinakuwa kavu, kila akodi inaanza kwa namna ileile.

Ikibaki kwenye akodi tu, hesabu sauti ambazo sinte inaweza kupiga kwa wakati mmoja. Kwenye sinte nyingi unisoni ya 4 (noti moja kupigwa na sauti nne pamoja) inakula sauti nne kwa kila noti; kikomo kikiwa 16, noti ya tano inaiba sauti za noti nyingine, hasa pedali ikiwa chini.

Kuna jambo watu wengi wanalisahau: kuanza wimbo katikati. Filta inabaki pale CC 74 (amri ya MIDI inayofungua na kufunga filta) ilipoachwa mara ya mwisho. CC 121, ya kurudisha vidhibiti mwanzo, haitakuokoa, kwa kawaida haigusi 7 (sauti kubwa au ndogo), 10 (kushoto na kulia) wala 74. Andika thamani hizo mwanzoni mwa kila sehemu.

Kukwaruza sasa. Kwenye batri ordinatere mara nyingi inapunguza kasi ya prosesa. Bafa (fungu la sampuli za sauti linaloandaliwa kwa mara moja) ya 128 kwa 48000 Hz inaipa milisekunde 2.7 tu kumaliza hesabu. Ikichelewa, unasikia mkwaruzo. Panda hadi 512, ni kama milisekunde 10.7, kidole hakitalalamika sana, kisha weka nishati kwenye utendaji wa juu hata bila kuranti. Na kama unasikiliza kwa kasiki (ya masikioni) ya Bluetooth, zima maikrofoni yake: ikiwaka, sauti yote inabanwa kama ya simu.

Mabaki yakikataa kuelezeka, weka hapa WAV zote mbili na MIDI yake. Si MP3, hiyo inaongeza mabaki yake yenyewe.