Kuupandisha mpasheni juu ya waya

Dada yangu wa Mikindani, umeeleza kuwa pasheni yako ya njano imepanda juu ya mkorosho hata matunda hayafikiki. Ninakusihi usiiache huko, kwa sababu inauzibia mkorosho mwanga nawe unapoteza mavuno.

Simika nguzo imara zenye kimo cha mita 2 hivi juu ya ardhi, kisha kaza waya mmoja kwenye vichwa vyake. Chagua miti isiyoliwa upesi na mchwa, kwani mmea uliokomaa ni mzito na nguzo ikianguka huvuta mstari mzima. Katika kila mche bakiza shina moja tu, lifunge kwa kamba ya katani isiyobana, na uondoe kila chipukizi la pembeni mpaka shina hilo lifike kwenye waya. Hapo likate ncha, uruhusu matawi mawili, moja kulia na jingine kushoto, ili vitawi vyake vining'inie kama pazia na matunda yakae mahali mkono unapofika. Vitawi vinavyokaribia kugusa ardhi vipunguze.

Matunda huzaliwa kwenye machipukizi mapya, hivyo pogoa baada ya mavuno, mvua zikikaribia.

Panda miche kadhaa iliyotokana na mbegu, maana pasheni ya njano kwa kawaida haijichavushi yenyewe. Maua hufunguka mchana, na wachavushaji wake wakuu ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Tafadhali usipulizie dawa saa hizo.