Dokta, hii dawa ya kuyeyusha uvimbe niinunue?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 36, watoto wawili, nipo Morogoro. Mwezi wa tatu nilipiga altrasaundi, ikaonekana nina uvimbe changamano wa sentimita 6.2 kwenye ovari ya kushoto. Nikapewa vidonge vya majira nimeze miezi mitatu. Mwezi wa sita ulikuwa 6.5, sasa mwezi wa tisa ni 7.1. Kipimo cha damu cha CA-125 kimetoka 48. Naambiwa nikipasuliwa ndiyo basi, kizazi kimekwenda. Kuna mtu anauza dawa ya siku 21 ya kuyeyusha uvimbe, na wengi wanamsifia. Niijaribu kwanza?

JIBU: Marahaba dada yangu. Usiinunue.

Hilo neno "kuyeyusha" ndilo linalowaponza wanawake, na haipiti wiki bila kulisikia kliniki. Upo uvimbe wa maji matupu unaoletwa na mzunguko wa hedhi wenyewe. Huo hunywea ndani ya mizunguko miwili mitatu, uwe umekunywa dawa au umekunywa chai. Wanaomsifia huyo muuzaji, wengi wao walikuwa na huo. Angewauzia maji ya bomba, wangempa sifa zile zile. Na vidonge vya majira navyo haviharakishi kuondoka kwa uvimbe uliokwishatokea. Waliomeza na wasiomeza wamelinganishwa, tofauti haikuonekana. Kazi yake ni kupunguza kuja kwa mipya ya aina hiyo. Wako una miezi sita na bado unakua, kwa hiyo si wa kusubiriwa unywee.

Changamano maana yake ndani hamna maji peke yake. Kwa umri wako mara nyingi nakuta dermoidi. Tukishautoa na kuuchana pembeni, humwagika mafuta ya manjano yaliyogandana kama samli ya asubuhi ya baridi, na katikati yake kuna kishungi cha nywele. Mara nyingine kuna jino, gumu, linagonga kwenye bakuli la chuma. Sijui ni mzizi gani wa kuchemsha utakaoyeyusha jino. Wa endometriosisi, yaani ugonjwa wa tishu kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake, una damu ya zamani, nzito, ya kahawia kama uji wa ulezi. Mwingine una vyumba vyumba vilivyojaa ute. Na upo wa saratani, ambao kwa nje unaweza kufanana na hao wote.

Hiyo 48 isikukoseshe usingizi, wala isikutulize. Kikomo cha kawaida tunachokitumia ni 35, lakini kipimo hicho hupanda kwa endometriosisi, fibroidi, maambukizi ya mirija, mimba, hata ukipimwa ukiwa hedhini. Kifua kikuu cha tumbo hukipandisha sana: nimemwona mama aliyekuwa na mamia, tumbo limejaa maji, ndugu wameshaanza kumlilia, kumbe ni kifua kikuu, akapona kwa dawa zake. Kwa upande wa pili, saratani ya ovari iliyo changa inaweza kukaa na kipimo cha kawaida kabisa. Namba peke yake haiamui.

Kinachoamua ni picha. Rudia altrasaundi ya kupitia ukeni, kwa mtu anayefanya kazi hiyo kila siku, na ripoti iseme zaidi ya sentimita: kuta za ndani ni nyembamba au nene, kuna nyama ngumu au vinundu, damu inapita humo kwa wingi, kuna maji tumboni? Kisha umwone daktari bingwa wa wanawake. Picha isipoonyesha dalili za hatari, hutolewa uvimbe tu na ovari ikabaki, ikiwezekana kwa upasuaji wa matundu madogo. Ikitia shaka, omba rufaa mahali penye wapasuaji wa saratani za wanawake kabla hujaguswa, maana uvimbe wa saratani ukipasukia tumboni unapandisha hatua ya ugonjwa. Hapo ovari nzima hutolewa bila kuupasua.

Kuhusu kizazi: ovari si kizazi. Uvimbe ukiwa si saratani, kizazi chako hakiguswi, na hata ukibaki na ovari moja nzima, hedhi inaendelea na mimba inashika.

Kwa wengine mnaosoma, mama yenu akiwa ameshakoma hedhi na akaambiwa ana uvimbe wa namna hii, msianze hata kubishana kuhusu mitishamba. Mpelekeni wiki hiyo hiyo. Nawapokea wakiwa wamekaa mwaka mzima na madumu ya dawa chini ya kitanda, na kilichokuwa cha kukatwa kikaisha sasa kimetapakaa hadi kwenye utando wa tumbo. Mkataeni pia anayesema atauvuta kwa sindano amalize shida. Maji hurudi, na kama ni saratani, ameshaimwaga.

Na mkishapasuliwa, ulizeni nyama imekwenda wapi. Nimepokea mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji hospitali moja, kila kitu kikatupwa kwa sababu "uvimbe ulionekana wa kawaida". Miezi minane baadaye tumbo lilijaa tena, na hatukuwa na kipande hata kimoja cha kusoma. Nyama iingie kwenye chupa yenye formalini, dawa ya kuizuia isioze, siku hiyo hiyo, iandikwe jina lako, iende patholojia, maabara inakochunguzwa kama ni saratani. Mkiambiwa ndugu aipeleke mwenyewe, aipeleke, na risiti muitunze mpaka majibu yatoke.

Wewe wa Morogoro, usingoje tarehe ya kliniki ukishikwa ghafla na maumivu makali upande wa kushoto huku unatapika. Ovari yenye uvimbe wa ukubwa huo inaweza kujinyonga, na ikikaa bila damu inakufa. Hata iwe saa nane za usiku, nenda.