Lenzi ya f/1.4 usiku: kwa nini sura hukosa ukali

Ndugu, umeuliza kwa nini sura unazopiga usiku kwa lenzi ya milimita 50 yenye f/1.4 (kipimo cha upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni pana) hukosa ukali, ilhali mwanga unatosha. Ni kweli kwamba f/1.4 huingiza mwanga mara nne ya f/2.8, hata ukaweza kushusha ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) kutoka 6400 hadi 1600 bila kubadili kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia). Lakini katika umbali wa mita 1, kwa kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24, eneo lenye ukali ni takriban sentimita 3 tu, kiasi kwamba mtu akiyumba kidogo, jicho hutoka kwenye fokasi na ncha ya pua ndiyo inayobaki kuonekana vizuri. Ukirudi nyuma hadi mita 2, eneo hilo huongezeka karibu mara nne. Binafsi ningefunga tundu hadi f/2 na kupandisha ISO, kwa sababu chenga (vidoa vinavyoletwa na ISO kubwa) hupunguzwa baadaye kwa programu, ilhali fokasi iliyokosewa hairekebishiki. Kasi ya shata nayo isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, kwani kiimarishi cha lenzi (wengi husahau hili) hutuliza mtikisiko wa mkono wako, si wa mtu unayempiga picha.