Kwa anayeanza kuandika habari za Botorić

Wengi huanza na filamu. Wewe anza na hoteli. Svetozar Botorić, mtayarishaji wa filamu wa Serbia wa mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa mwenye Hoteli Pariz, pale Terazije katikati ya Belgrade, mji mkuu wa Serbia, na sinema yake ilikuwa humohumo. Ukimsoma kama mfanyabiashara aliyetaka kujaza viti, mengi yatakuelea.

Jina litafute kwa aina mbili za herufi, za Kilatini na za Kisirili: Botorić na Боторић. Magazeti ya Belgrade ya wakati ule yalichapwa kwa Kisirili, kwa hiyo ukiandika kwa Kilatini tu hupati kitu.

Panapowaangusha wengi ni tarehe. Serbia ilifuata kalenda ya Julian, ile ya kale iliyo nyuma ya kalenda yetu ya leo, hadi 1919. Onyesho la kwanza la sinema Belgrade, kwenye mkahawa wa Zlatni krst, utaliona limeandikwa 25 Mei 1896, kwingine 6 Juni; ni siku ileile. Ili kupata tarehe ya leo, kwa karne ya 19 ongeza siku 12, na kwa miaka ya Botorić ongeza 13. Balaa huja pale aliyekutangulia alipokwisha kuongeza bila kusema, nawe ukaongeza tena. Dawa yake ni jina la siku, maana halibadiliki kalenda ikibadilika. Siku ile ya onyesho ilikuwa Jumamosi. Hesabu yako ikiangukia Jumatano, rudi nyuma.

Usimwite mwongozaji. Kwenye filamu ya Karađorđe ya 1911 fedha zilikuwa zake, lakini aliyeongoza ni Ilija Stanojević, mtu wa tamthilia, na kamera ilishikwa na Louis de Beery aliyetoka Pathé, kampuni ya filamu ya Ufaransa.

Urefu wa filamu unukuu kwa mita, si kwa dakika. Mita 1 ya utepe wa milimita 35 ina fremu, yaani picha mojamoja, 52 na kidogo. Mita 300 zikipitishwa kwa fremu 16 kwa sekunde huchukua dakika 16 na ushei; kwa fremu 24, dakika 11 tu, na mashujaa wanakimbia kama kuku wanaofukuzwa.

Neno “imepotea” liandike kwa woga. Karađorđe ilihesabiwa imepotea kwa miongo mingi, hadi 2003 ilipopatikana Vienna, katika hifadhi ya filamu ya Austria. Botorić mwenyewe alikufa 1916 akiwa kizuizini mwa Austria-Hungaria. Kwa hiyo barua za kuomba filamu na kumbukumbu usizitume Belgrade peke yake; tuma na Austria. Na omba nakala, si utepe wa asili: ule ni wa nitrati, ukishika moto unawaka hata ndani ya maji.