Jibu: 9 Desemba ni siku ya uhuru au ya jamhuri?

Habari mkuu. Umekwama kwenye ubao wa "Siku kama ya leo" wa shule yenu: kitabu kimoja kinasema 9 Desemba Tanganyika ilipata uhuru, kingine kinasema ndiyo siku ilipokuwa jamhuri, nawe unataka kufuta kimoja. Usifute, vyote viko sahihi.

Huwa naandaa chemsha bongo za historia kwa vijana na swali hili hurudi sana. Kwanza tazama mwaka, kisha uliza mkuu wa nchi alikuwa nani. Mwaka 1961 Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, lakini mkuu wa nchi alibaki Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu, Kawawa akashika nafasi. Ilipofika 9 Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri, Nyerere akawa Rais.

Kenya vilevile: uhuru 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964.

Zanzibar ikague kwa makini. Uhuru ni 10 Desemba 1963, Mapinduzi ni 12 Januari 1964, na watu huihamishia hiyo 12 kwenye Desemba.

Ubaoni weka mistari miwili chini ya 9 Desemba, mwaka ukitangulia. Nafasi ikibaki, ongeza Mwenge uliowekwa kileleni Kilimanjaro na Alexander Nyirenda wakati wa uhuru wa 1961. Wanafunzi hupenda mno kisa hicho, na kinastahili kusimuliwa.