Mvuvi mnamuuliza, na mwenye kuanika je?

Dada mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, ungemruhusu mwanao awe mvuvi?", limenichoma. Naishi Nakuru miaka 18 sasa, nauza mitumba, lakini mimi ni mtoto wa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, na kijana wangu amemaliza sekondari juzi tu, kila siku ni kumpigia mjomba wake simu ati anataka kuingia boti ya omena, hizo dagaa za ziwani. Jibu langu ni hapana. Hapana kabisa.

Lakini mbona mnauliza tu ya mwenye kuingia majini? Kwani hiyo omena ikifika bichi, pale ufukweni, inajianika?

Mwaka wa 1997, wakati wa El Niño, usiku mmoja hakukuwa na mwezi, boti zikashika vizuri (omena inafuata taa, mbalamwezi ikiwaka taa inakuwa ya bure). Mama akachukua karai 12 kwa mkopo, tukaanika juu ya neti kuukuu. Jua likawaka, tukajua jioni tunaipima kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na kuuza. Saa nane hivi wingu likatokea upande wa Gembe, sisi watoto mbio na nailoni, tukaweka mawe pembeni, upepo ukabeba nailoni na mawe yake, mimi nikabaki nimeshika kona moja kama mjinga. Haikunyesha hata nusu saa. Omena ikinyeshewa ikiwa nusu kavu imeisha hiyo, ile harufu naijua mpaka leo. Asubuhi akaja jamaa wa chakula cha kuku, akawa anaipekua na mguu, na mguu jamani!, akataja bei ambayo haingelipa hata karai 3. Mama amekaa mlangoni, magamba yamemkaukia mikononi yanang'aa, anayabandua moja moja. Hakusema kitu. Lile deni tulilipa mpaka Pasaka.

Na boti? Boti ilirudi ziwani usiku huo huo.

Sasa vile naandika naona hasira yangu haikuwa ya kijana. Ziwa lina mawimbi, sikatai, na watu wamepotea huko, tumezika hata masanduku matupu. Lakini mvuvi akikosa leo kesho anatupa wavu tena. Basi aende, ila baada ya Julai, maana Aprili mpaka Julai uvuvi wa omena umefungwa na sitaki akimbizane na askari. Avae jaketi ya kujiokoa hata wenzake wakimcheka. Na hayo mambo ya kisiwa cha Migingo na mvutano wa Kenya na Uganda akae mbali nayo. Akishindwa kitanda chake kipo.

Dada yake ana miaka 14. Huyo ndiye simwachilii hata kwa wiki moja ya likizo, ingawa najua kaka yake akishaleta omena, lazima kuna msichana wa mtu ataitwa na karai.