Hasira ya zamu isikufuate nyumbani

Ndugu yangu wa Bukavu, umeuliza namna ya kuzuia hasira ya zamu isifike kwa mke na watoto, na namna ya kumjibu mfungwa anayekutukana mbele ya wenzake. Nimefanya kazi hii ya uaskari wa magereza miaka mingi hapa Lubumbashi, na kwangu maswali hayo mawili ni moja, kwa sababu maneno yaliyokwenda vibaya uani ndiyo yanayokunyima usingizi.

Mfungwa akipaza sauti, usishindane naye hadharani, maana hapo kila mmoja analinda heshima yake. Mwite kwa jina lake, msogee kando mahali mwenzako anapowaona, mwache amalize, kisha urudie ulichosikia kabla ya kujibu. Na kama shida yake, tuseme chakula kilichochelewa au ugonjwa usiotibiwa, haiko katika uwezo wako, mwambie hivyo waziwazi wala usimpe ahadi usiyoweza kuitimiza. Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka askari wa magereza wafundishwe mazungumzo na upatanishi. Mimi sikufundishwa, nilijifunza kwa kuumia.

Kabla ya kuondoka, keti dakika kumi na mwenzako anayeingia zamu, umsimulie yaliyotokea, hata yale yaliyokuaibisha. Usingizi ukikukimbia kwa majuma, au pombe ikianza kuwa dawa yako, mwone daktari mapema. Nakuomba sana, usingoje kama nilivyongoja mimi.